Alitaka kukopa kausha damu anunue gitaa jipya, fundi redio wa Bagamoyo akamwambia: "Lete hilo hilo"

Bagamoyo inayozungumzwa hapa siyo ile ya Pwani, ya bahari na TaSUBa. Hii ni kata ya Bagamoyo, Tukuyu mjini, wilaya ya Rungwe. Huku mvua ikianza inasahau kuacha, migomba imejaa nyuma ya kila nyumba, na asubuhi ukungu ukishuka boda unaiona taa tu. Bahari hakuna. Sweta ndiyo unalihitaji.

Huko kuna kijana mmoja wa miaka 24. Mchana yuko kijiweni na boda yake ya mkataba. Jumapili anapiga solo kwenye kwaya ya vijana, na Jumamosi kukiwa na harusi au sendoff anabeba gitaa anaenda kutafuta chochote kitu. Gitaa lenyewe ni la umeme, mtumba, umbo la Stratocaster, ila jina la kampuni pale kichwani lilishafutika kitambo. Mama yake ndiye aliyelinunua miaka mitatu nyuma kwa hela ya maparachichi: laki mbili na elfu thelathini, pamoja na begi lililochanika zipu.

Tatizo lilianza kidogo kidogo. Mara gitaa linavuma kama friji bovu. Mara akizungusha voliumu linakwaruza. Mara katikati ya wimbo sauti inakata, anatikisa waya, inarudi. Siku moja akarusha klipu yake mtandaoni, kipande cha sebene la kwaya. Kidole kilikuwa kizuri, ila sauti ilikuwa aibu. Na si unajua watu wa mtandaoni. Mmoja: "Kaka unapiga gitaa au unakaanga chipsi?" Mwingine: "Tafuta hela ununue Fender, acha kutesa masikio ya watu." Vicheko vikafuata, mia na zaidi.

Komenti ile ya chipsi ilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Fomu ilishachukuliwa

Kesho yake akaenda kuulizia mkopo. Ni ile mikopo ambayo mtaani inaitwa kausha damu, na jina hilo halikutoka hewani. Apewe milioni moja na laki mbili, arudishe milioni moja na laki saba ndani ya wiki 16. Ukigawanya, kila wiki ni laki moja na elfu sita na ushee. Kwa mtu ambaye boda siyo yake na kila jioni anapeleka hesabu kwa bosi, hiyo ni kamba shingoni.

Dhamana? Ng'ombe wa maziwa wa mama yake. Yaani ng'ombe ambaye maziwa yake ndiyo chumvi, sabuni na ada ya mdogo wake wa kike aliye kidato cha tatu.

Mama hakugombeza. Alisoma ile fomu polepole, akaikunja, akaiweka chini ya Biblia. "Nitasaini, mwanangu. Lakini kwanza kalipeleke hilo gitaa kwa yule mzee wa redio pale Bagamoyo, alitazame. Akisema limekufa, nasaini."

Kijana aliona ni kupoteza muda. Yule mzee anatengeneza redio, sabufa na pasi za umeme. Gitaa na yeye wapi na wapi? Ila kwa mama hakuna kubishana. Akaenda.

"Hiyo ni redio isiyo na stesheni"

Kibanda cha mzee kimejaa redio za kaseti zilizofunguliwa matumbo, spika zilizotoboka na harufu ya risasi ya kulehemu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini, jeneza la mtoto?"

Kijana akacheka kwa shida, akafungua begi. Mzee akalitazama gitaa bila kuligusa.

"Kupiga sijui," akasema. "Lakini hiyo ni redio isiyo na stesheni. Badala ya kukamata mawimbi ya Dar es Salaam, inakamata mtikisiko wa nyuzi. Sasa niambie, linaumwa nini? Usiseme 'bovu'. Sema linafanya nini, na linafanya saa ngapi."

Hapo ndipo shule ilipoanzia. Watu wengi wakipeleka kitu kwa fundi wanasema tu "kimekufa." Mzee yeye aliuliza kama daktari. Likivuma, ukishika nyuzi kwa mkono, mvumo unapungua au unaongezeka? Likikata, ni ukigusa waya au ukigusa swichi? Linakwaruza ukizungusha kitufe kipi?

Kijana akajibu: ukishika nyuzi mvumo unaongezeka. Likikata ni ukitikisa waya pale unapochomekwa. Kukwaruza ni voliumu. Na pikapu ya shingoni, ile ya sauti nene, ina mwaka haijasikika.

Mzee akainua nyusi kwenye lile jibu la kwanza. Hakusema kitu.

Kabla ya kushika bisibisi akaanza na kilicho nje. Akachukua ule waya wa gitaa, akaupima kwa mita huku akiukunjakunja. Karibu na plagi mita ikapiga mlio, ikanyamaza, ikapiga tena. Waya umekatikia ndani ya gamba. "Nusu ya komenti zako ni huyu hapa," akasema. Waya wa elfu kumi na mbili, na mtu alikuwa anaweka ng'ombe rehani.

Ndani ya tumbo la gitaa

Akalegeza nyuzi, akafungua skrubu za lile bamba jeupe la plastiki, akaligeuza.

Kwa ambaye hajawahi kuona: ndani ya gitaa la umeme hakuna maajabu. Kuna pikapu, ambazo ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa kwenye ule waya. Umeme huo unapita kwenye swichi, kwenye poti, yaani vile vidude vya kuzungusha vya voliumu na toni, unapita pembeni ya kapasita moja, unatokea kwenye jeki. Basi. Hakuna betri, hakuna kompyuta. Mpango huo ni wa tangu miaka ya 1930, Rickenbacker walipotoa magitaa ya kwanza ya umeme Marekani, na hii ya pikapu tatu Fender waliitoa mwaka 1954. Kwa hiyo gitaa la laki mbili na la milioni tano, kwa mpangilio wa ndani, ni ndugu wa tumbo moja. Wanachotofautiana ni ubora wa vipande, na usafi wa mkono uliounganisha.

Na gitaa la bei nafuu hapo ndipo linapokatiwa gharama. Mbao inaweza kuwa nzuri tu, shingo imenyooka, lakini jeki ni ya bati laini, poti ni ndogo na hazina kinga ya vumbi, risasi imewekwa haraka haraka. Ongeza unyevu wa Tukuyu, mahali ambapo hata sukari kwenye kopo inaganda. Kutu ilikuwa imekaa kwenye jeki kama mwenye nyumba.

Mzee akahesabu ugonjwa mmoja mmoja:

Jeki: nati imelegea, kila ukichomeka jeki nzima inazunguka na kuusokota waya wa ndani. Ulikuwa umebaki uzi mmoja.

Pikapu: akachomeka waya mzima, voliumu mwisho, akaweka mita upande wa pili na kuhamisha swichi. Ya nyuma omu elfu sita na mia moja. Ya kati elfu sita. Ya shingoni, kimya. Kijana akaona imekufa. Mzee akachukua miwani yake ya kusomea, akainama. Pale pikapu inapoungana na swichi, risasi ilikuwa imepasuka mduara, mstari mwembamba kama nywele ya nyusi. Akaigusa na chuma cha moto sekunde mbili. Mita ikasoma elfu tano na mia tisa.

Mwaka mzima wa kimya, sekunde mbili.

Poti ya voliumu: imeandikwa B500K. "Hii ni omu laki tano," mzee akasema. "Mimi sijui muziki, ila kwa koili nyembamba kama hizi mchoro wa Fender unataka laki mbili na nusu. Ukiweka laki tano sauti inatoka kali mpaka inakata masikio." Na ile herufi B ina maana yake. Kwa magitaa yanayotoka Asia, B ni poti inayopunguza kwa mstari ulionyooka. Sikio la binadamu haliendi hivyo. Matokeo yake unazungusha voliumu kutoka 10 mpaka 3 husikii tofauti kubwa, halafu ghafla inazama. Herufi A ndiyo inayokwenda na sikio.

Kapasita ya toni: imeandikwa 104. Hiyo ni kubwa, ukipunguza toni kidogo tu sauti inakuwa matope. Kwa pikapu za koili moja kawaida ni 473, wengine wanapenda 223.

Halafu mzee akafika kwenye ule waya.

Waya uliokatwa

Nyuma ya gitaa, chini ya kifuniko kidogo, kuna springi zinazoshikilia daraja la nyuzi. Pale kuna waya mweusi unaounganisha daraja, na nyuzi zote, na upande wa ardhini wa jeki. Ndiyo maana kwenye gitaa zima ukishika nyuzi mvumo unapungua: mwili wako ni antena, ukigusa nyuzi unaunganishwa na ardhi, unanyamaza. Kwa huyu mvumo ulikuwa unaongezeka. Mzee alijua tangu mwanzo atakutana na nini.

Waya ulikuwepo. Haukuchomoka. Ulikatwa kwa koleo, safi, na ncha ikazungushiwa gundi ya karatasi.

"Nani amekata huu?"

Kijana akanyamaza kidogo. Kisha akasema ukweli. Ni mshikaji wao anayepiga kinanda. Alikata mwaka jana, kwa sababu kila akiwa ameshika gitaa na mdomo ukigusa maiki, inampiga shoti. Walipokata, shoti ikaisha upande wake. Mvumo ndiyo ukaja.

"Upande wako iliisha. Na wengine?"

Hapo akakumbuka. Dada anayeongoza sauti ya kwanza amelalamika miezi kwamba akishika maiki huku ameegemea amplifaya, inamuuma. Watu walicheka. Kuna aliyetania eti huo ni upako.

Mzee akaweka chuma cha kulehemu chini. Akafunga duka. Saa nane mchana, jua lenyewe siku hiyo limetoka, siku ya wateja.

"Aliyekata huu waya alizima king'ora, moto akauacha unawaka. Twende huko mnakopigia."

Kalamu kwenye soketi

Ukumbini alikuta kitu ambacho kila msomaji wa hapa ameshakiona, na pengine ameshakifanya. Amplifaya ni mtumba wa Ulaya, plagi yake ina miguu miwili ya duara. Plagi ya namna ile ina ethi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini, ila iko ubavuni, kwenye vibati vya pembeni. Soketi zetu ni za miguu mitatu kama za Uingereza. Sasa watu wanafanyaje? Wanachukua kalamu, wanasukuma tundu la juu, milango inafunguka, plagi inaingia. Taa inawaka, muziki unalia, kila mtu anafurahi. Ila vile vibati vya ubavuni havigusi kitu. Amplifaya nzima haina ethi.

Kalamu ilikuwepo pale pale juu ya spika. Bluu, imetafunwa mwisho.

Mzee akamwambia kila mtu asogee. Akaunganisha ule waya uliokatwa kwa muda kwa klipu, gitaa likiwa limelazwa kwenye kiti cha plastiki, hakuna aliyelishika. Mguu mmoja wa mita kwenye nyuzi, mwingine kwenye wavu wa maiki. Mita ikasoma volti 112.

Kimya kikaingia ukumbini.

"Hizi bado ni zile zinazovuja," mzee akasema taratibu. "Zina volti ila nguvu yake ndogo, ndiyo maana zinawauma tu. Siku kinga ya ndani ya amplifaya ikikatika, volti 230 nzima zinakuja kwenye nyuzi. Zinaingia mkononi, zinapita kifuani, zinatokea mdomoni kwenye maiki. Hapo hakuna wa kusema upako."

Na hayo siyo maneno ya kutisha watoto. Tarehe 3 Mei 1972, mji wa Swansea kule Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifia jukwaani mbele ya mashabiki. Alikuwa ameshika gitaa, akagusa maiki ambayo ethi yake haikuwa sawa. Bendi kubwa, nchi tajiri, mafundi wapo. Waya mmoja tu.

Kamati ikaitwa. Na hapa ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Jumamosi kulikuwa na harusi kwenye ukumbi huo huo, kijana ameshapewa kishika nafasi cha elfu ishirini. Mmoja wa wazee wa kamati akasema mbona wamepiga miaka yote na hajafa mtu, bajeti ya mwezi imeisha, wasubiri. Kijana, ambaye kawaida ni mpole mpaka anaonewa kwenye foleni ya abiria, akajibu: "Baba, kwa heshima zote, bila ethi mimi sichomeki. Hela ya kishika nafasi nitarudisha."

Wapo waliosema anajishaua. Eti klipu moja mtandaoni imempandisha kichwa.

Aliyemaliza ubishi ni yule dada wa sauti ya kwanza. Hakusema mengi. "Na mimi siimbi." Harusi bila solo la gitaa inaweza kuvumilika. Harusi bila yeye, bibi harusi mwenyewe angekuja kudai.

Jioni hiyo hiyo ikapatikana elfu kumi na nane: plagi mpya ya miguu mitatu yenye fyuzi, na ekstensheni nzima badala ya ile iliyong'olewa waya wa tatu. Akaja na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA kuhakikisha ukutani kwenyewe ethi ipo na inafika ardhini. Ipo. Wakapima tena nyuzi na maiki. Mita ikasoma sifuri na kitu, kitu chenyewe cha kupuuza. Hapo ndipo mzee alipokubali kuulehemu ule waya mweusi moja kwa moja. Angeulehemu kabla, angekuwa amerudisha shoti mdomoni mwa kijana.

Kumbuka hilo, ndiyo roho ya habari hii: kuna nyakati gitaa lako linalalamika kwa ajili ya nyumba nzima. Ukilinyamazisha, au ukiliuza ununue jingine, ugonjwa unabaki ukutani unakusubiri.

Kuliboresha sasa

Vipande vingine vilipatikana Mbeya, Mwanjelwa, mwendo wa Coaster kupitia Kiwira na Uyole. Poti za A250K hazikuwepo, zikaagizwa Kariakoo zikaja kama kifurushi cha basi. Mzee akafanya yafuatayo, na kijana akashika tochi muda wote akijifunza.

Jeki mpya nzito, na nati ikabanwa na washa ya meno ili isizunguke tena.

Poti tatu mpya, kapasita 473. Swichi haikubadilishwa. Ilipulizwa dawa ya kusafishia kontakti, ikazungushwa mara ishirini, ikawa mpya. Mzee alisisitiza: siyo mafuta ya kula, siyo mafuta ya taa. Yanalainisha leo, kesho yanashika vumbi.

Kisha kinga. Tumbo la gitaa likatandikwa foili ya jikoni, kipande kimoja kikubwa badala ya vipande vipande, kwa sababu gundi katikati ya vipande inazuia umeme kupita. Risasi ya kawaida haishiki alumini, hivyo waya wa ardhini ulibanwa kwenye foili kwa skrubu na kipete. Pale ncha ya jeki inapopita kukawekwa utepe wa plastiki, maana ikigusa foili gitaa zima linakuwa bubu. Foili inazuia kelele za taa na chaja za simu. Haizuii ule mvumo mzito wa transfoma, wa umeme unaotikisika mara 50 kwa sekunde. Huo dawa yake ni kusogea mbali na amplifaya, au kugeuza mwili kidogo, au pikapu za koili mbili ambazo Seth Lover wa Gibson alizibuni katikati ya miaka ya 1950 kwa sababu hiyo hiyo.

Kijana akauliza, basi si tubadilishe na pikapu?

"Kwanza nenda kapige na hizi," mzee akasema. Akashusha tu zile pikapu kwa bisibisi, milimita chache, kwa sababu zilikuwa karibu mno na nyuzi. Sumaku ikiwa karibu sana inauvuta uzi, na ukibana juu shingoni sauti inayumba kama imelewa, unadhani gitaa halishiki tyuni.

Na alikuwa sahihi. Muziki anaoupiga kijana, solo la kwaya na la dansi, unataka sauti nyembamba, safi, ya kung'ara, ile iliyokaa kwenye rekodi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Koili moja ndiyo nyumbani kwake. Ukitaka cha kukupa moyo zaidi, inasimuliwa kwamba Franco wa OK Jazz, utotoni kule Kongo, alijiundia gitaa la kopo na nyuzi za waya wa umeme uliochunwa. Gitaa la kopo. Wewe lako lina pikapu tatu.

Hesabu ya mwisho

Waya wa gitaa 12,000. Jeki 4,000. Poti tatu 18,000. Kapasita 1,000. Waya mdogo na risasi 5,000. Foili 4,500. Kifurushi cha basi 5,000. Ufundi 20,000. Jumla shilingi 69,500. Ni chini ya rejesho la wiki moja la ule mkopo.

Jumamosi harusini alipiga. Sebene la kuingiza maharusi, pikapu ya shingoni ikaongea kwa mara ya kwanza baada ya mwaka, nene na laini, mpaka mpiga kinanda akageuka kumtazama. Kati ya wimbo na wimbo, gitaa kimya. Hakuna friji, hakuna chipsi. Yule dada aliishika maiki kwa mikono miwili, mdomo umeigusa kabisa, akaimba bila kushtuka hata mara moja. Waliokuwa wanajua walimwangalia yeye kuliko walivyomwangalia bibi harusi.

Hakurusha klipu. Aliulizwa kwa nini, akasema alisahau.

Fomu ya mkopo ilitoka chini ya Biblia wiki iliyofuata, mama akaitumia kuwashia jiko siku ya mvua. Kijana alipompelekea mzee mkungu wa ndizi juu ya ile elfu ishirini, mzee alisema "ndaga", akaupokea, kisha akamkabidhi sabufa iliyochoka na chuma cha kulehemu. "Kaa hapo, nifungulie hii. Kwanza niambie inaumwa nini." Siku hizi kijana akishindwa kupata abiria kwa sababu ya mvua, anajulikana aliko.

Kabla hujakopa, fuata mstari huu

Anza na waya wa gitaa, azima mwingine ujaribu. Kisha kaza jeki. Kisha puliza poti na swichi. Kisha fungua, tafuta risasi iliyopasuka. Kisha pima pikapu. Kuinunua pikapu mpya ni hatua ya mwisho, na gitaa jipya ni la mwisho kuliko ya mwisho. Gitaa likiwa limechomolewa unaweza kulifungua bila hofu, halina umeme wa kukudhuru. Amplifaya usiifungue wewe, hata ikiwa imechomolewa, kapasita za ndani zinabaki na moto.

Na kama inakuuma mdomoni, acha kupiga. Usikate waya. Tafuta ethi.

Swali kwako unayesoma: kule mnakofanyia mazoezi, kanisani, ukumbini au geto, plagi ya amplifaya imeingia kwa kalamu? Nenda kaangalie leo, halafu urudi uandike hapo chini ulichokikuta.